Tope la Kwanza

Saa tisa usiku macho yanafunguka yenyewe
kama mlango wa zizi usio na komeo.
Ni hivyo tangu Machi,
tangu zabibu zilipoozea shambani hapa Hombolo
na gari la mnunuzi halikuja,
halikuja,
mpaka nyuki wakazimaliza wao.

Sikulia. Mwanaume analilia wapi?
Nilihesabu mabati:
kumi na manane upande wa mlango,
kumi na saba upande wa pili, moja lina tobo,
na nyota hupita hapo kila usiku saa ileile
bila kubisha hodi.

Kanisani nilisimama, nikakaa, nikasimama.
Mwinjilisti alihubiri: mwenye imani halali na wasiwasi.
Nikatoka na neno moja tu mfukoni:
halali.
Hilo lilinihusu.

Matika, mke wangu, hakunishauri kitu.
Alinipakia nyuma ya baiskeli kama gunia la uwele
akakanyaga mpaka zahanati, mwenyewe, mlima na yote,
na watu wakatazama.

Muuguzi Yunis, yule wa sauti ya pili kwaya,
aliniuliza siku ngapi, usiku ngapi, kama nakula,
kama nimewahi kuitazama kamba vibaya.
Nikatazama sakafu.
Akasema, "Baba Elieza, hii ina jina, na ina dawa."
Kidonge kidogo cheupe, kimoja, asubuhi.

"Na kusali?" nikauliza, nikidhani atacheka.
"Sali. Lakini huwa unamwambia Mungu nini?"
"Namshukuru."
"Kwa lipi?"
Feni ya dari ilizunguka mara nyingi sana.

"Umewahi kuchimba maji korongoni, mwezi wa kumi?"
Ananiuliza mimi! Mgogo!
"Basi. Maji ya kwanza huwaje?"
Tope.
"Unayafanyaje?"
Nachota kwa kata, namwaga.
"Unaona haya?"

Usiku ule nilitoka nje, nikasimama nyuma ya banda la mbuzi.
Nikamwambia: Umenichosha.
Nikamwambia: deni ni laki nane na arobaini,
na Wewe unayehesabu nywele huwezi kusema hukuona.
Nikamwambia na jingine
ambalo siliandiki hapa, maana Matika anajua kusoma.
Radi haikunipiga.
Mbwa wa kina Masinjila alibweka, akaacha.

Nisidanganye: si kila usiku palitoka maji.
Usiku mwingine ni mchanga,
mchanga na kucha zangu.
Lakini nikajifunza kupogoa na pumzi:
*Bwana*, naivuta,
*nihurumie*, naitoa, tawi linaanguka,
*Bwana*,
na mstari wa mizabibu unaisha kabla sijaukumbuka mkopo.

Nilitaka kufunga Jumatano kama zamani. Yunis akagoma.
"Mtu ambaye hajala miezi miwili ana nini cha kufunga?
Mfungo wako ni kula."
Nikala ugali na mlenda, bakuli zima,
kwa utii, kama mtu anayetubu,
na siku moja, sijui ipi, nikaomba niongezwe.
Matika aligeukia jikoni. Alikaa huko muda.

Bado naamka. Si kila siku.
Tobo la bati sijaliziba; mvua zitanilazimisha.
Deni limebaki laki tano.

Jana Ndahani alinikuta korongoni.
Akauliza kama ni kweli nameza vidonge,
mzee wa kanisa mzima.
Nikasema kweli.
Nilisubiri acheke.
Alichuchumaa ukingoni mwa shimo,
akayatazama maji yakijikusanya, mekundu bado, polepole,
akasema, kama anayeyaambia yale maji:
"Mimi huamka saa nane."

Nikampa kata.